Sura ya Mama wa Maziwa Ukutani

Chumba chetu cha kazi hapa Kitengela kiko juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na sisi wanne tuliokikodi tulikuwa na sheria moja tuliyojivunia mno: hakuna bango litakalotoka mle ndani kabla ya kukosolewa na mtu asiye mchoraji. Tulibandika rasimu ukutani, tukampa kalamu yeyote aliyepanda ngazi. Fundi wa stima alikosoa. Mwenye nyumba alikosoa hata asipoulizwa. Lakini aliyekosoa vizuri kuliko wote alikuwa mama aliyetuletea maziwa ya chai kila asubuhi. Tulimwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, naye akaitika, ingawa mimi ni mtoto wa Wakikuyu waliohamia huku na Kimaasai changu huishia kwenye salamu.

Shirika moja dogo la afya lilituomba bango la kifua kikuu, la kubandikwa katika zahanati na masoko kuanzia hapa hadi Kajiado. Rasimu ya kwanza tuliweka picha ya mtandaoni, mwanamke fulani mrembo aliyejifunga shuka. Yeyo aliweka mitungi yake chini akamtazama.

"Huyu si mtu wa hapa," alisema. "Hata hiyo shanga, hakuna mwenye anavaa hivyo. Mtu akiona hii atasema ni ugonjwa ya watu wa mbali."

Alisema kweli, na hapo ndipo tulipojiona wajanja. Tulimwomba sura yake. Tukamsomea fomu ya ridhaa neno kwa neno, akaweka sahihi. Picha nilipiga mimi mwenyewe, karibu na dirisha. Nilimwomba akohoe kidogo huku amejiziba kwa mkono. Mara ya kwanza alicheka, ya pili vilevile. Ya tatu alikohoa hata tukampigia makofi. Fomu yetu ilikuwa na maswali mengi ya maana, lakini hakuna lililouliza majirani watasema nini.

Bango lilipendeza, nisiseme uongo. Maneno yalikuwa makubwa na mepesi: kikohozi kisipoisha, nenda ukapimwe, TB inatibika. Hapakuandikwa popote kwamba mama huyu ni mgonjwa. Sisi tuliosomea kazi hii tunajua kwamba picha ni mfano tu. Mtu anayekunywa chai yake hotelini hajui hivyo, wala hana sababu ya kujua. Anamwona mama wa maziwa akikohoa.

Majuma machache baadaye yeyo alipanda ngazi saa nne, badala ya saa moja alivyozoea, na mitungi yake ilikuwa bado mizito. Alikaa bila kuambiwa.

"Yule wa hoteli mwenye nauzia maziwa ameniambia nipumzike mpaka nipone," alisema. "Nikamuuliza, nipone nini? Akanionyesha ile karatasi yenu."

Alikwenda kupimwa, kama bango lilivyomwagiza kila mtu, akakutwa mzima. Akawa anatembea na majibu yake ameyakunja ndani ya kitambaa, anawaonyesha wateja mlangoni. Wakamuuliza, kama hana kitu, mbona anatembea na karatasi ya hospitali? Aliponisimulia hayo nilipandwa na hasira nikataka kwenda kugombana na mtu, ila sikumwona mtu wa kugombana naye. Bango lilikuwa letu.

Tulitoka sote kuyabandua mabango. Ya Kitengela tuliyakwangua siku mbili, kucha zikauma. Mwenzetu mmoja akapendekeza tuchape lingine la kueleza kwamba mama huyu hana ugonjwa. Yeyo alimtazama kwa huruma.

"Wacha hivyo," alisema. "Wenye hawakuona ya kwanza wataona ya pili."

Kajiado nilikwenda peke yangu. Muuguzi wa zahanati, mama mpole mwenye miwani, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa.

"Hiyo picha inaniletea watu," alisema. "Wazee wenye walikuwa wanajificha na kikohozi wanakuja kupimwa, wananiambia wamemwona huyo mama. Jana nimeanzishia mmoja dawa. Nikitoa hii, niko na gani ya kuweka?"

Sikuwa na bango lingine. Kuchapa jipya kungechukua muda, na shirika lilikuwa limeshahamia mradi mwingine. Nilisimama mbele ya ukuta wenye bango kama mtu aliyesahau alichotumwa, na watu kwenye benchi wakiniangalia mimi, kisha wakimwangalia yeyo kwenye picha. Ningeweza kunyoosha mkono nikalichana. Sikulichana. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema, na nikiulizwa huwa nabadilisha mazungumzo.

Kesho yake nilimweleza yeyo kila kitu. Aliuliza kama yule mzee wa dawa ana watoto. Nilimwambia sijui.

"Basi wacha ikae," alisema. "Lakini mimi niuzie nani?"

 Nilimwambia, zaidi ya maziwa ya ofisini, nitachukua lita mbili za nyumbani kwangu kila siku. Alinikazia macho.

"Na utakunywa?"

"Nitakunywa, yeyo."

Alinipimia pale pale, akajaza mpaka pomoni, akaongeza kidogo juu.

Jioni niliyachemsha jikoni kwangu. Yalifura, nikazima gesi. Majibu yake nilikuwa nimeyasoma kwa macho yangu mwenyewe, na nilijua ni mzima kuliko mimi. Nilichukua kikombe. Halafu nikakirudisha mezani, nikawasha gesi tena, nikayachemsha mara ya pili.