Jumamosi za Kusukana

Kwaru, kwaru. Chanuo la mti likipita kwenye nywele kavu za binti wa jirani, Jumamosi alasiri, huko kwetu Shika Adabu. Hadi leo nikisikia mlio kama ule hugeuka kutazama ni kichwa cha nani.

Wewe uliyelelewa nyumba ya vyumba sita na ua mmoja utanielewa. Wanawake wa nyumba nzima walikaa kwenye vidaraja vya mlangoni, mmoja chini ya mwenziwe, kila mtu akimsuka aliye mbele ya magoti yake. Mafuta ya nazi yananukia, maharagwe yanatokota uani, na kesho yake kanisani ungewajua watu wa nyumba yetu kwa msuko tu. Hakuna aliyelipa wala kualikwa. Uliteremka, ukakaa.

Mimi wivu ulinila. Nyanya alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote, lakini magotini pake alianza binti wa jirani, mimi nikingoja hadi jua linakaribia kuzama. Siku moja nikanuna, nikamuuliza mjukuu wake hasa ni nani.

"Wewe ni wangu hata usiposukwa," akasema. "Huyu asiposukwa ataona si wetu."

Mamake yule binti akadakia kwamba kichwa changu kigumu kama kifuu, nimwache bibi wa watu apumzishe vidole kwanza. Wakacheka wote. Nami nikacheka, machozi yakinilengalenga.

Nyumba ile ilibomolewa, pakasimama ghorofa. Nyanya hayupo tena. Yule binti nasikia ameolewa bara. Mimi nimepanga Mikindani, ghorofa ya tatu, mlango wa chuma, na nywele hunisuka dada wa saluni ambaye vidole vyake viko kichwani kwangu, macho yake kwenye simu.

Sasa sikia kinachoniuma. Wanawake watatu wa ghorofa ya kwanza husukana ngazini kila Jumamosi. Wanataniana, wanasutana, wanacheka mpaka sauti inanifikia juu. Nikirudi kutoka saluni, wanabana magoti kunipisha. "Pita, dada," basi. Ni adabu, najua, lakini afadhali wangenitukana kichwa kama mamake binti. Wivu wangu wa utotoni haukuwa kitu mbele ya huu. Usiku naota wananiita kwa jina, kisha nakumbuka hawalijui. Tena nani atamwita mtu anayewapita kila wiki ameshasukwa, kichwa kinang'aa, hana shida na yeyote?

Jumamosi iliyopita sikwenda saluni. Nilikaa kitandani na kioo, nikajisuka mwenyewe mistari ya mbele, polepole, mpaka utosini. Hapo nikakomea. Kisogo nikakiacha makusudi, nywele timutimu. Sikujifunga kitambaa. Nikafungua mlango, nikateremka.