Siku Programu ya Matanga Ilimeza Nyumba ya Pili

Hii kitu sipendi kuiongelea, na ukinikuta Kitale uniulize mbona siku hizi sionekani kwetu Matulo, huko Webuye, nitakwambia ni kazi mingi, lakini ukweli ni aibu. Niliaibika mbele ya jeneza la baba yangu, na chini ya tenti kulikuwa na watu wa Webuye nzima (sawa, si nzima, lakini mtu akiaibika huwaona wote), na yote ilianza na kitufe kimoja cha kompyuta.

Mimi ni karani kwa ofisi moja hapo Kitale. Bosi wetu ni mtu wa kalamu nyekundu, barua yoyote ukimpelekea lazima aandike yake katikati ya mistari, na siku moja akanirudishia karatasi akisema, "Nekesa, mistari yako imefinyana, mimi nitaandika wapi?" Nikakasirika, nikaenda nikapanua nafasi ya mistari iwe moja na nusu, na ile mashine ikaniuliza kama nataka iwe hivyo kwa hiyo barua peke yake ama kwa kila kitu kitakachoandikwa hapo kuanzia leo. Nikabonyeza kila kitu, si ndio nisisumbuliwe tena, halafu nikasahau.

Haikukaa sana baba akafa.

Baba alikuwa na nyumba mbili. Mama yangu ndiye wa kwanza, yuko Matulo, na nyumba ya pili iko Ndalu, kwa shamba baba alilonunua akiwa bado anafanya kazi kiwanda cha karatasi. Huyo mama wa Ndalu tunamwita Mama Nanjala, na Nanjala mwenyewe, kifungua mimba wake, ni mwalimu Bungoma mjini. Sasa kwetu, mtoto asiposomwa kwa wasifu wa marehemu mbele ya watu, huyo ni kama hayuko. Kesho akisema hili shamba ni la baba yangu, ataulizwa ni nani alisikia ukitajwa. Na kaka yangu Wafula alikuwa amesema wazi kwa mkutano wa familia ati hao wa Ndalu wakae nyuma kama wageni wengine. Mimi ndiye nilibishana naye mpaka sauti ikakauka, na mwishowe wazee wakakubali nyumba ya pili isomwe, na Nanjala ndiye asome.

Nanjala akaandika wasifu kwa laptop yake huko Bungoma, nikaenda huko tukauweka pamoja kwa sanduku la programu lenye maua pembeni, yaani ile fremu ya kuandikia ndani, ukaingia wote. Akanitumia niupange kwa kompyuta ya ofisi, maanake printa yetu iko na rangi. "Dada, nakuachia," akaniambia. "Mama halali, anauliza kila saa kama kweli tutasomwa." Nikamwambia aondoe shaka.

Nikamwaga maneno kwa lile sanduku, na kompyuta ikayapanua vile niliiagiza siku ile ya bosi. Shida ni kwamba hilo sanduku lina kipimo chake, maneno yakizidi hayamwagiki nje uyaone, yanajificha kimya chini yake. Mimi nikaona mistari imepumua nikafurahi (ati wazee watasoma bila miwani), nikaona sanduku limejaa mpaka kwa maua ya chini na mwisho kuna nukta safi kabisa, na kwa sababu nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba yote yanaingia, sikusoma tena, nikaprinti. Nanjala aliomba nimpigie picha na simu aone, nikamwambia ataona huko huko, mambo ni mengi.

Siku ya mazishi niligawa programu mwenyewe, nikijisikia mtu wa maana. Mama Nanjala alikuwa amekaa mbele na watoto wake, wote kitenge cha rangi moja, na nilipompa yake akaishika tu bila kuifungua kwa sababu macho yake hayasomi vizuri siku hizi. "Asante mwanangu," akasema, "mimi nitasikiliza."

Nanjala akasimama na maikrofoni. Akasoma mahali baba alizaliwa, akasoma shule, akasoma kiwanda, akasoma ndoa ya mama yangu na sisi watoto wake wote. Akageuza ukurasa akapata wimbo. Akarudi nyuma, akageuza tena, akachukua programu ya mtu wa karibu akaangalia hiyo pia, na kwa spika tulisikia karatasi tu. Nikafungua yangu. Nyumba ya pili haikuwa, ugonjwa wa baba haukuwa, hata kifo chake hakikuwa, yaani kwa hiyo programu baba alikuwa bado anaishi, mume wa bibi mmoja. Nanjala angeweza kuwataja kwa kichwa, lakini hakuwataja. Akaweka maikrofoni kwa meza akaenda kukaa.

Nikakimbia nikaishika, na badala ya kutaja majina ya watu (majina ninayoyajua tangu utoto), mimi huyo nikaanza kueleza kompyuta. "Jameni, si mimi, ni nafasi ya mistari. Bosi wangu hupenda kuandika katikati..." Mtu akacheka huko nyuma. Senge yetu, dada ya baba, akanikatiza.

"Nekesa, baba yako tumeona amekufa, yuko hapo mbele, hiyo hatuhitaji kusoma. Lakini hawa watoto tungewajua wapi? Na hiyo kompyuta yako ilijuaje mahali nyumba ya kwanza inaishia?"

Nilipofungua mdomo sasa nitaje majina, emsii aliyekuwa akiongoza shughuli akanichukulia maikrofoni ati muda umeenda na mchungaji anangoja.

Mama Nanjala akainuka polepole, watoto wakamfuata na vitenge vyao, wakaondoka kabla ya kutupa udongo. Halafu Wafula akaja karibu yangu akanifinya mkono. "Dada, hapo umecheza," akasema kwa sauti ya chini. "Kumbe tuko pamoja." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na yenyewe ilikuwa wazi hapo mbele yangu.

Wiki chache baadaye Wafula alienda kwa chifu na ile programu, akaiweka kwa meza akasema ilichapishwa na dada yake msomi. Hiyo kesi ya shamba la Ndalu haijaisha. Mimi nilichapisha ingine, sawasawa, kila jina, nikaipeleka Ndalu. Nanjala hakutoka nje kunisalimia. Mama yake alinipa chai, akaniambia nisome, nikasoma yote kwa sauti mpaka mwisho, na yeye akasikiliza bila kunikatiza.

"Umesoma vizuri," akasema. "Sasa enda uwaite wale watu warudi."

Tangu hapo, ukiniletea programu ya matanga, siichapishi kabla yule anayeogopa kuachwa hajasomewa yote kwa karatasi ya kwanza, hata kama mambo ni mengi namna gani.