Kikombe cha Maziwa Kabla ya Upasuaji

Binti yangu wa miaka minne alipolazwa afanyiwe upasuaji wa ngiri, mtu niliyemchunga zaidi wodini alikuwa mama mkwe. Yeye ni mkulima wa kando ya mto, chini ya Garsen, na mjukuu wake hawezi kulia mara mbili bila kutiwa ndizi ya kuchemsha mdomoni. Muuguzi alituambia mtoto asile chochote tangu saa sita usiku, ila maji matupu aweza kunywa mpaka saa moja asubuhi. Nikajua nani atavunja amri hiyo. Mama mkwe alipokwenda msalani nilipekua kikapu chake, nikakuta ndizi tatu, nikazificha chini ya godoro. Wala sikuona haya.

Maji ya wodini nayo sikuyaamini. Niliyainua dirishani nikayaona yana rangi, au nilitaka kuyaona hivyo. Basi saa kumi na mbili, binti yangu alipolia kiu, nilimpa kikombe cha maziwa ya mbuzi wetu, aliyoniletea kaka yangu alfajiri ile. Kwetu wafugaji, mtu aliyekunywa maziwa tu akiulizwa kama amekula, husema bado. Nilijiona mama hodari.

Saa tatu wakaja kumchukua. Muuguzi akauliza, "Mama, mtoto amekula kitu?"

"Hajala," nikajibu, nikimtazama mama mkwe kwa jicho la pembeni.

"Amekunywa maziwa," mama mkwe akasema taratibu. "Kikombe kizima, saa kumi na mbili."

Nikaona ananichongea mbele ya watu. "Mama, maziwa si chakula," nikamwambia.

Muuguzi akasimamisha kitanda. Akaeleza kwamba tumboni maziwa si kama maji, hukawia kama chakula. Mtoto akishapewa dawa ya usingizi yanaweza kupanda na kuingia mapafuni, na anaweza kufa. Upasuaji ukasogezwa hadi alasiri.

Nilikaa. Mama mkwe akaketi kando yangu, hakunilaumu. Hata hapo nikatafuta kosa lake.

"Mbona hukunikataza nilipokuwa nampa?"

"Ungenisikia?" akauliza.

Nisingemsikia. Ningemmiminia mtoto kikombe cha pili, nimkomoe tu bibi yake.