Miguu Iliyogoma Mlangoni

Emérence Tumukunde alisomea Goma kazi ya kuwarudishia watu mwendo, kisha akapangiwa kituo cha afya cha Lushebere, ambako vifaa vyake vilikuwa kitanda kimoja, mpira mmoja na macho yake.

Asubuhi moja Mama Mukamurenzi wa Bihambwe alimleta mumewe, Papa Kanyamibwa, mkulima wa maharage. Mkono wake wa kulia ulitetemeka hata ukiwa umepumzika, na kila alipofika mlangoni miguu iligoma, kana kwamba imegandamana na sakafu. Daktari wa Goma alishautaja ugonjwa, Parkinson, akampa dawa. Zilisaidia, ila si pale mlangoni. Majirani wakanong'ona kwamba kuna kitu kimezikwa kizingitini.

"Na kwenye shamba, Mama?" Emérence akauliza.

"Hiyo njo kitu inanishangaza. Kwenye matuta anatembea muzuri. Ndani ya nyumba njo anashindwa."

Neno hilo lilimkaa Emérence kichwani. Mguu dhaifu ungekuwa dhaifu kote, na kwenye matuta zaidi. Akaukumbuka mchoro wa mishale wa mwalimu wake: ubongo una njia mbili za kuamsha hatua, moja ya mazoea, nyingine inayongoja jicho lione cha kuvuka. Kwa wagonjwa wa Parkinson ya kwanza huharibika, ya pili hubaki. Mwalimu aliwaonya kwamba hakuna aliyefungua ubongo akaikuta mishale ile. Ilikuwa njia ya kufikiri tu. Lakini kama ni kweli, tuta humpa mzee cha kuvuka, na sakafu tupu haimpi kitu. Jambo hilo lingeweza kujaribiwa.

Alhamisi akapanda pikipiki hadi Bihambwe, akachora sakafuni mistari ya chokaa, mmoja kwa kila hatua, kutoka kitandani mpaka uani.

"Papa, usiwaze kutembea. Vuka tu mustari, moja-moja."

Mzee akasimama, akatazama chini. Mguu ukainuka. Wa pili ukafuata. Akavuka kizingiti bila kusita, akajikuta juani mbele ya majirani wale wale walionong'ona habari za kizingiti. Mama Mukamurenzi akaziba mdomo kwa kiganja.

Jumapili, hata hivyo, mzee alikwama katikati ya kanisa, pasipo na mstari wowote. Emérence, aliyekuwa ibadani pia, hakukata tamaa: kama jicho laweza kuamsha mguu, pengine sikio nalo laweza. Akamwambia Mama ampigie makofi taratibu, kofi kwa kila hatua. Mzee akatembea. Jioni hiyo Emérence alimwandikia mwalimu wake simuni: kwenye mchoro ule aongeze sikio.

Mkono bado unatetemeka, na Emérence hakuwaficha kwamba ugonjwa utaendelea. Lakini msimu huo Papa Kanyamibwa alipanda maharage kwa mkono wa kushoto, na kila alipoingia nyumbani alimgombeza mkewe kwamba makofi yake yanachelewa.