Alichokijibu Kaka Yangu

Mwaka ule nilikuwa nasoma sheria jioni, nikitoka kazini. Mwalimu wetu, Mmarekani mzee, alianzia Roma ya kale. Huko, alisema, mkataba uliweza kufungwa kwa mdomo tu. Mmoja anauliza, "Unaahidi?" Mwenzake anajibu papo hapo, kwa neno lilelile, "Naahidi." Bubu hakuweza kujifunga hivyo, wala kiziwi. Tulicheka kidogo darasani, tukaona ni mambo ya kizamani.

Kaka yangu alikuwa mfanyakazi wa ghala Hyattsville, nje kidogo ya Washington. Kiharusi kilimpoozesha mkono wa kulia, kikamwachia neno moja, "haya". Ukimuuliza kama anaumwa, haya. Ukimuuliza kama ameshiba, haya. Hospitali ikamhamishia nyumba ya kutunzia wagonjwa, karibu na Bladensburg. Siku aliyopokelewa sikuwepo.

Baadaye alitokwa na vidonda mgongoni kwa kulala bila kugeuzwa. Siku nilipofunua shuka niliona mfupa. Alifariki kabla baridi haijaisha.

Nilikwenda kwa mwanasheria, mama wa Kikenya. Akanisukumia karatasi mezani.

"Pole sana, dada. Siku aliyopokelewa alisaini hii. Amekubali kwamba ugomvi wowote na nyumba ile hautaenda kortini. Utaamuliwa na msuluhishi, faraghani."

"Alisaini kwa mkono upi?"

"Wa kushoto. Kwa kidole, kwenye tableti. Wanasema walimweleza, wakamuuliza kama amekubali, naye akaitikia."

Nilijua ameitikia nini.

"Roma wasingeipokea hiyo," nikasema. "Kwao angehesabiwa kama bubu."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mfiwa. "Huku kidole kinatosha. Tunaweza kudai hakuwa na akili ya kuelewa. Jaji anaweza kutusikiliza, au akatae."

Jaji alikataa. Muuguzi alikuwa ameandika siku ileile kwamba mgonjwa ametulia na anajibu maswali.

Kwa msuluhishi tulikutana katika chumba cha mikutano, jijini Washington. Alikuwa mpole, akanikaribisha maji. Aliamua kwamba vidonda vilitokana na maradhi yenyewe, si uzembe. Hapakuwa na rufaa ya maana.

Mama yangu alinipigia kutoka Tanga. "Mahakama imesemaje, mwanangu?"

"Hatukufika mahakamani, mama."

Akauliza, "Na hao watu wa nyumba ile, walikuja msibani?"

Nikamwambia hawakuja.