Mlango Uliochelewesha Mafaili

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi mafaili yalianza kutambaa kwenye mtandao wa kompyuta. Ofisini kwetu hapa Songea kompyuta kuu inatumia mfumo wa Unix na za mezani zinatumia Windows, na mimi, fundi wao, ndiye niliyeapa kwamba zitaelewana.

"Binti, kompyuta zako zimenuniana," alisema mama mpiga chapa, khanga mabegani.

Meneja akaongeza, "Zisipopatana leo, kesho tunarudi kwenye disketi."

Nilikagua mipangilio yote, herufi kwa herufi. Sikuona kosa. Mchana mzee mmoja wa kijiji cha Mpitimbi, aliyekuja kuchapiwa barua, alibisha hodi, nikamfungulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmejifungia?"

"Baridi, mzee," mama alijibu, kisha akaruka kutoka kitini. "Jamani, faili limekuja!"

Nikafunga mlango, likafuata jingine, likakwama. Nikafungua, likaja. Waya wa mtandao ulipita kizingitini, mlango ukifungwa unaubana, na saa mbili na robo ndipo mama alipoufunga mlango kwa baridi. Unix na Windows hawakuwa na ugomvi wowote. Sisi ndio tuliowakaba koo.

Kesho yake asubuhi niliuzuia mlango kwa jiwe usijifunge, nikamvika mama sweta langu.