Vitambaa Ndani ya Simu

Mwanangu Milembe anauza dawa katika duka dogo pale Dutwa. Duka ni la Bi Muzdalifa, mwanamke mpole, ila akisema neno halirudii mara mbili. Mwaka jana, mwezi wa pili, alimwita akamwambia, "Milembe, mimi nakupenda, lakini bila cheti kaunta sikuachii tena. Ukifeli nachukua mwingine."

Milembe akajiandikisha kwenye kozi ya wauza dawa kule Bariadi mjini. Vitabu hawakupewa vya karatasi, walitumiwa vyote kwenye simu, na mtihani ulikuwa baada ya wiki sita.

Bidii anayo tangu mdogo. Ukimtuma ndoo moja ya maji, anakuja na mbili. Na kusoma akasoma hivyohivyo. Anapitisha kidole kwenye kioo, sentensi inageuka manjano. Mimi napita nyuma yake na ungo wangu, nachungulia. Wiki ya kwanza manjano kidogo. Wiki ya pili kurasa nzima zimekuwa kama shamba la alizeti.

"Hiyo rangi ni ya nini?"

"Mambo ya muhimu, mayu." Ndivyo anavyoniita, yaani mama kwa Kisukuma.

"Na hapa chini peupe?"

Akatazama. "Hapo bado sijafika."

Baba yake, Masunga, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi sikucheka.

Kisha simu ikagoma kuwaka. Fundi aliifufua, lakini kwa kufuta kila kitu kilichokuwamo. Vitabu vilirudi, maana kwenye kundi la WhatsApp vilikuwepo. Rangi haikurudi. Milembe akakaa kizingitini analia. Nikamwambia, "Nyamaza, niambie tu yale uliyokuwa umeyapaka." Hakuweza kunitajia hata matatu. Ndipo nikajua hasara haikuwa ya fundi.

Jumamosi tukaenda shambani kukagua pamba. Mimi nina desturi yangu: natembea na vipande vya kitambaa vya rangi mbili. Shina ninalolitilia shaka nalifunga cheupe, nirudi kulitazama baada ya siku tatu. Lililokwisha kuharibika nalifunga chekundu, ling'olewe. Milembe alikuwa mbele, kafunga vyeupe mashina manne yaliyofuatana.

"Wewe, hayo yote yana funza?"

"Sijui, mayu. Nimeona bora nisikose."

"Sasa nikirudi Jumanne nitaanzia wapi? Ukifunga kila shina ni sawa na hujafunga hata moja."

Alisimama na kitambaa mkononi. Akaanza kuvifungua, kimoja kimoja, akiinama kukagua vitumba. Aliacha kimoja tu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ndivyo nilivyofanya kwenye kitabu."

"Ndivyo. Na kitambaa unakifunga ili urudi. Wewe ulikuwa unarudi?"

Jioni ile alianza upya. Ukurasa mmoja, alama moja, mbili zikizidi. Manjano ni pa kurudia. Nyekundu ni pale ambapo muuzaji hatakiwi kuuza kitu, anamwelekeza mgonjwa kituo cha afya. Na kila penye alama alibandika kijinoti, lakini hakunakili maneno ya kitabu. Aliandika swali, kama ambavyo mteja angeuliza dirishani. Jibu akaliacha kitabuni. Kila Jumamosi alituma orodha ya maswali kwenye simu ya baba yake, fundi asije akatufutia tena.

Hapo nami nikapata kazi. Nimeishia darasa la saba, dawa sizijui, lakini swali la Kiswahili nalisoma. Nikawa nachambua mchele huku simu ya baba yake iko mapajani, najifanya mteja.

"Mwenye duka, hodi. ORS ya kuharisha niliyokoroga jana imebaki nusu, nimpe mtoto?"

"Hapana mama, imwage, ukoroge nyingine."

"Mbona ni upotevu?"

"Mayu, hilo halimo kwenye swali!"

"Wateja ndivyo walivyo."

Akikwama, anabonyeza swali kwenye simu yake, inampeleka palepale ukurasani, anasoma tena. Kesho yake namrudia lilelile. Masunga akawa anasema, "Nyumba hii kila siku kuna mgonjwa na hakuna anayeumwa."

Majibu ya mtihani yalitoka mwezi wa sita, tukichuma pamba. Milembe alikuja shambani kwa baiskeli, amevaa nguo za dukani. Kabla hajashuka nilikuwa nimeshajua, maana aliyefeli hapigi kengele njia nzima. Bi Muzdalifa alikuwa amemkabidhi funguo za kabati asubuhi hiyohiyo.

Nilimpa maji, nikamwacha anywe kwanza.

"Na yale maswali, umeyafuta?"

"Nimeyaacha, mayu. Leo kuna mama kaja, kauliza lile la kumi na mbili, neno kwa neno."

"Ukamuuzia nini?"

"Sikumuuzia. Lina nyekundu, nimemwelekeza kituo cha afya."

Nikarudi kwenye mstari wangu nikaendelea kuchuma.